Mtoto Akiugua: Tujue Saa ya Kuondoka Nyumbani

Somo la mkutano mmoja wa kikundi



Somo la leo linahusu watoto wetu, hasa walio chini ya miaka mitano. Linaweza kumalizika kwa muda wa saa moja na nusu. Kiongozi wa mjadala alisome mapema nyumbani. Siku ya mkutano mje na vitu hivi: saa yenye sekunde (hata ya simu), pakiti moja ya ORS, chupa safi ya nusu lita, na kila mama aje na kitabu cha kliniki cha mtoto wake. Akina baba pia waje. Mtaona kwamba somo hili ni lao kabisa.

Lengo letu: Mwisho wa mkutano kila mwanachama aweze kutaja dalili za hatari bila kusoma popote, na kikundi kiwe kimekubaliana mtoto wa mwanachama atafikaje kwa matibabu hata ikiwa ni usiku wa manane.

Neno la Mungu: Someni Marko 5:21-43, halafu Yoshua bin Sira 38:1-15. Jairo alikuwa mkubwa wa sinagogi, lakini alienda mwenyewe kumtafutia binti yake msaada. Naye bin Sira anamwambia mgonjwa asali, kisha ampe daktari nafasi yake. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani.

1. KISA CHA KUJADILI

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyomo mnayajua nyinyi wenyewe.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alianza kuwa na joto Jumatatu jioni. Mama akasema, "Ni meno tu." Jumanne alinunua vidonge vitatu na dawa ya kikohozi kwenye duka la dawa. Jumatano nyanya yake mtoto akasema, "Hapana, huyu ametazamwa na jicho baya pale sokoni." Jioni mtoto akatapika uji, akatapika maziwa, hata maji yakarudi. Mama alitaka kwenda hospitali, lakini mzee alikuwa matangani Butere, simu yake imezima, na pesa alikuwa nazo yeye. Usiku mtoto akakakamaa, macho yakageuka juu. Alhamisi kumepambazuka ndipo walipopanda pikipiki.

Jadilianeni wawili wawili, dakika kumi:
(a) Andikeni kila jambo lililowachelewesha watu hawa.
(b) Wangeondoka nyumbani lini?
(c) Kati ya mambo hayo, ni yapi yako hata hapa kijijini kwetu?

Kiongozi ayaandike majibu ubaoni. Kisha awaonyeshe watu jambo moja. Mama, nyanya na mwenye duka wote walikuwa wanampenda mtoto, na wote walikuwa wanashindana juu ya JINA la ugonjwa. Ni meno? Ni kikohozi? Ni jicho? Siku tatu zikaisha hivyo.

Hapo ndipo kuna fundisho la leo. Kazi ya mzazi si kujua jina la ugonjwa. Jina litajulikana kwa kipimo. Kazi ya mzazi ni kutambua DALILI na kujua SAA ya kuondoka. Tunasema haraka haraka haina baraka, lakini kwa mtoto mgonjwa methali hiyo tuiweke kando. Hapa tushike ile nyingine: dalili ya mvua ni mawingu.

2. DALILI NNE ZA HATARI

Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitunga mpango wa kuwatibu watoto ambao hata leo wauguzi wetu wanaufuata. Kitu cha kwanza muuguzi anachoangalia kwa mtoto yeyote ni mambo manne. Hata mtu asiyejua kusoma anaweza kuyatambua:

- Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya.
- Anatapika kila kitu, hakuna kinachobaki tumboni.
- Ameshikwa na degedege, yaani mwili kukakamaa au kutupatupa mikono na miguu.
- Amelegea sana, analala tu, haamki vizuri hata ukimwita.

Dalili moja tu inatosha. Usingoje ya pili. Usingoje asubuhi. Ondoka saa hiyo hiyo, na kama mtoto anaweza kunyonya, mnyonyeshe njiani.

Kiongozi awaombe watu watano, wanaume kwa wanawake, wazitaje dalili hizi kwa sauti bila kusoma. Wakikosea, warudie mpaka washike.

Neno juu ya degedege. Pwani yetu na kule Tanzania kuna wanaoamini kwamba degedege huletwa na pepo au ndege, na kwamba mtoto akidungwa sindano wakati huo atakufa. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kwa ajili hiyo wazazi wengi walikuwa wanaanza kwa mganga. Huku kwetu maneno ni mengine, lakini kuchelewa ni kule kule. Mtoto akishikwa, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kitu kingine mdomoni, usimnyweshe chochote mpaka azinduke. Halafu mwende.

3. MTOTO MCHANGA CHINI YA MIEZI MIWILI

Huyu hana akiba ya nguvu. Anaweza kuwa mzima asubuhi na mahututi jioni. Mpeleke siku hiyo hiyo ukiona:

- Ameacha kunyonya au ananyonya kidogo kuliko kawaida.
- Mwili ni wa moto, au ni baridi isiyo ya kawaida.
- Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika.
- Kitovu kimekuwa chekundu au kinatoa usaha.
- Viganja na nyayo zimekuwa za manjano.
- Hajisogezi mpaka aguswe.

Mtoto wa umri huu asipewe dawa ya dukani wala ya mitishamba. Na kitovu kisipakwe kinyesi cha ng'ombe, majivu wala mafuta ya taa.

4. MAGONJWA TUNAYOYAONA KILA SIKU

(a) Joto la mwili

Kakamega iko katika kanda ya Ziwa, ambako malaria ni nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 uliwapima watoto wa miezi 6 hadi miaka 14. Katika kanda yetu 19 kati ya kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwa nchi nzima walikuwa 6 kati ya 100. Kwa hiyo mtoto akiwa na joto, apimwe malaria siku hiyo au kesho yake. Zahanati, au dispensari kama tunavyoiita, inapima kwa tone la damu, na wahudumu wengi wa afya ya jamii pia wana vipimo hivyo.

Akikutwa na malaria atapewa dawa ya AL kwa siku tatu. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Ampewe pamoja na chakula au maziwa. Akiitapika kabla nusu saa kwisha, arudishiwe, nawe urudi zahanati kujaza iliyopungua. Ammalizie zote hata kama siku ya pili anacheza. Wale wanaobakiza vidonge viwili "vya siku nyingine" wanamwacha mdudu akiwa hai.

Kipimo kikionyesha hakuna malaria, usinunue dawa ya malaria. Uliza: basi joto latoka wapi? Linaweza kuwa la sikio, la mkojo, la mapafu, au surua, hasa akiwa na vipele na macho mekundu. Na meno? Meno yakiota mtoto hutoa mate na kusumbuka, lakini meno hayaleti joto kali. Tusiyasingizie.

Rudi zahanati ikiwa joto halijaisha baada ya siku tatu za dawa. Viganja vyake vikiwa vyeupe kama karatasi, damu imepungua, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo.

(b) Kikohozi na mafua

Mafua ya kawaida hupona yenyewe. Mpe vinywaji vya moto kiasi, endelea kumnyonyesha, fungua pua yake kwa kitambaa safi. Asali ni nzuri kwa kifua, lakini si kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Hatari ni nimonia. Nimonia haitambuliwi kwa ukali wa kikohozi bali kwa KUPUMUA. Mtoto akiwa ametulia au amelala, inua nguo, tazama tumbo, hesabu pumzi kwa dakika nzima:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni haraka mno.
- Miezi 2 hadi 11: 50 au zaidi.
- Mwaka 1 hadi miaka 5: 40 au zaidi.

Ukipata hesabu hiyo, nenda zahanati leo. Lakini ukiona sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au anakoroma akiwa macho, au midomo imekuwa ya bluu, usipoteze muda. Huyo anaweza kuhitaji oksijeni, na dawa ya kikohozi ya chupa haitamsaidia.

Zoezi: Chagueni mtoto mmoja aliyetulia hapa mkutanoni. Watu watatu wahesabu pumzi zake kwa dakika moja, kila mtu kimoyomoyo. Kisha mlinganishe. Rudieni mpaka hesabu zikaribiane.

Kikohozi kikipita wiki mbili, au nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu, mtoto apimwe kifua kikuu.

(c) Kuhara

Anayehara hufa kwa kuishiwa maji. Kwa hiyo anza ORS nyumbani tangu choo cha kwanza cha maji. Soma pakiti: nyingine ni ya nusu lita, nyingine ya lita moja. Ukikosea maji, chumvi itazidi au itapungua. Changanya na maji safi yaliyochemshwa na kupoa, na kinachobaki baada ya saa 24 ukimwage.

Kila akihara, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kikubwa. Mkubwa apewe nusu hadi kikombe kizima. Mpe polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha uanze tena kijiko kwa kijiko. Omba zahanati vidonge vya zinki, na apewe kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekwisha. Asinyimwe chakula. Maziwa ya mama, uji wa wimbi na ndizi havimdhuru.

Nenda zahanati ukiona macho yamezama, ana kiu kupita kiasi, ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole, choo kina damu, au kuhara kumefika siku 14.

(d) Kukonda na kuvimba

Mhudumu wa afya ana utepe wa kupima mkono kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto yuko hatarini. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, afuatiliwe. Miguu yote miwili ikivimba, hata kama anaonekana mnono, apelekwe siku hiyo. Kwa wengine, tuanze na vyetu: maharagwe, omena, yai, njugu, kunde, mrenda na mitoo.

5. LINI TUMWONE DAKTARI WA WATOTO?

Wengine hufikiri kwamba bila daktari mkubwa mtoto hajatibiwa. Si kweli. Magonjwa mengi tuliyotaja yanatibiwa vizuri na muuguzi wa zahanati au afisa wa kliniki wa kituo cha afya. Na mtoto mwenye dalili za hatari hupewa dozi ya kwanza hapo, halafu anatumwa mbele. Ukiruka zahanati iliyo karibu ili ufike mjini, unaweza kupoteza saa mbili zenye thamani. Lakini ukipewa barua ya rufaa, usirudi nyumbani "kujipanga". Barua hiyo ina maana ya sasa hivi. Huenda ukatumwa hospitali ya kaunti ndogo, hospitali ya misheni kama St. Mary's Mumias au St. Elizabeth Mukumu, au hospitali kuu ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega.

Yako pia magonjwa yasiyo na kishindo, ambayo yanamhitaji daktari wa watoto. Omba barua ya rufaa ukiona haya:

- Selimundu, ambayo wengi huita siko seli. Huku magharibi mwa Kenya ni wengi wanaozaliwa nayo. Mikono na miguu ya mtoto huvimba kwa maumivu, macho huwa manjano mara kwa mara, damu hupungua tena na tena. Si laana, na mama hajafanya jambo baya. Mtoto huirithi kwa baba NA mama, ambao wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa. Wazazi wote wawili wakiibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kinaonyesha. Akijulikana mapema hupewa penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, kinga ya malaria, na dawa ya kupunguza maumivu yanayorudi. Wako watu wazima wanaoishi na selimundu na wanafanya kazi zao.

- Uvimbe wa taya au tumbo unaokua haraka kwa siku chache. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya saratani hii ya watoto. Hupatikana zaidi penye malaria nyingi, kama kwetu. Watu hudhani ni jino, wakang'oa jino, na uvimbe ukaendelea. Ikiwahiwa, hutibika kwa dawa.

- Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kama ya paka. Hii inaweza kuwa saratani ya jicho. Usikawie hata wiki.

- Mtoto anayechoka na kutoka jasho akinyonya, au midomo ni ya bluu. Inaweza kuwa ni moyo.

- Degedege linalorudi bila joto.

- Mtoto ambaye hajakaa akiwa na miezi 9, au hajatembea akiwa na miezi 18, au amepoteza kitu alichokuwa anakiweza.

- Manjano ya mtoto mchanga yanayopita wiki mbili, hasa choo kikiwa cheupe.

Ukienda, chukua kitabu cha kliniki, barua, na pakiti za dawa zote alizotumia, hata za mitishamba. Mwambie daktari ukweli. Na kabla ya kutoka uliza: mtoto ana nini, dawa hii ni ya siku ngapi, nirudi nikiona nini? Kuuliza si ujinga.

6. TUSIFANYE HAYA

Tusimpe mtoto dawa iliyobaki ya mwenzake. Tusimpe aspirini. Tusimkate kilimi kwa sababu ya kikohozi wala kumchanja chale kifuani. Vidonda hivyo huleta pepopunda na kupunguza damu. Tusimfunike mablanketi mtoto mwenye joto.

7. KAZI YA KIKUNDI

Sasa rudini ubaoni kwenye ile orodha ya mambo yaliyochelewesha. Kila jambo litafutiwe dawa, na katibu aandike. Haya yanaweza kuwasaidia:

(a) Ruhusa. Kila baba atamke mbele ya kikundi kwamba mama akiona dalili ya hatari, ataondoka bila kungoja ruhusa ya mtu. Hili halina gharama hata ya senti.

(b) Mfuko wa dharura. Tengeni kiasi fulani kando ya meri-go-raundi. Mweka hazina aweze kukitoa saa hiyo hiyo, bila kuitisha mkutano. Taarifa itafuata.

(c) Usafiri. Andikeni majina ya waendesha bodaboda wawili wanaokubali kubeba mgonjwa usiku, na mkubaliane bei mapema. Wakati wa mvua, ni njia gani inapitika?

(d) Waliobaki nyumbani. Nani atalala na watoto wengine, nani atakama ng'ombe? Mama wengi hukataa kulazwa kwa sababu hii tu.

(e) Bima. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha ni kwa simu, *147#, na watoto waandikwe pia, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kitafutwe. Kwa matibabu ya kulazwa, mchango lazima uwe umelipwa. Kanuni za mwaka 2024 ziliweka kiwango cha chini kuwa shilingi 300 kwa mwezi, na kwa asiyeajiriwa hulipwa wa mwaka mzima. Ni shilingi 3,600 kwa familia. Mtu mmoja huona ni mzigo, lakini kikundi kinaweza kuiweka kidogo kidogo kila wiki.

(f) Chanjo. Fungueni vitabu vya kliniki sasa hivi. Nani amekosa surua ya miezi 9 au ya miezi 18? Kakamega ni mojawapo ya kaunti nane za kwanza kuanza chanjo ya malaria nchini, mpango ulioanza Septemba 2019. Dozi ni nne, na ya kwanza ni ya miezi 6. Nyingi hukosa ile ya mwisho. Hata aliyechanjwa alale ndani ya neti.

MASWALI YA KUMALIZIA

1. Zitaje dalili nne za hatari.
2. Jirani anasema, "Ngoja tujue kwanza ni ugonjwa gani." Utamjibu nini?
3. Ni azimio lipi tumelipitisha leo, na nani atalisimamia?

Kazi ya nyumbani: Kila mwanachama awafundishe watu wawili wasio wa kikundi zile dalili nne, mmoja wao akiwa mwanamume. Mkutano ujao mtuambie walisema nini.

Malizeni kwa sala, mkiwataja kwa majina watoto wote wa kikundi.